Kutafuta Nyumba ya Kupanga Katika Mji wa Ruiru

Mtu atokaye Nairobi kwa barabara kuu ya Thika, akiisha kupita Kahawa na Chuo Kikuu cha Kenyatta, huona kushoto na kulia nyumba za ghorofa nne, tano, hata saba, zimesongamana kama mahindi yaliyopandwa bila kupimiwa nafasi. Hapo ndipo Ruiru, yapata kilomita 25 kutoka katikati ya jiji. Mgeni hudhani kwamba mahali penye nyumba nyingi namna hii hapawezi kuwa na shida ya nyumba. Lakini amwulize mtu yeyote aliyepata kuzunguka huko Jumamosi nzima akitafuta vyumba viwili vya kukaa na jamaa yake. Ataambiwa kuwa nyumba ni nyingi sana, lakini nyumba ya kukaa mtu akatulia ni chache.

Jambo hili lastahili kufikiriwa vizuri. Sensa ya mwaka 1999, ya 2009 na ya 2019 zote zilionyesha miji ya Kenya ikizidi kujaa, na katika ile ya 2019 ilionekana kuwa zaidi ya jamaa 7 kati ya kila 10 wakaao mijini wamo katika nyumba za kupanga. Basi chumba cha kupanga si kambi ya wapita njia. Ndiyo maskani ya makarani, walimu, mafundi na vibarua, na ndimo watoto wao wanamolelewa. Mtu akichagua vibaya hupoteza kwa siku moja akiba aliyoiweka kwa miezi mitatu, na pengine hupoteza hata amani ya nyumbani mwake.

MJI ULIVYOKUA

Jina la Ruiru latokana na lugha ya Kikuyu, na maana yake ni weusi, yaani mto mweusi. Reli ilipofika Thika mwaka 1913 ilipita hapo, na pande zote mbili za reli yalikuwa mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu, kahawa upande wa juu na katani upande wa tambarare. Katikati palikuwa na stesheni na maduka machache. Siku zile hapakuwa na mtu wa kuzunguka akitafuta nyumba Ruiru. Kibarua alipewa chumba katika laini za shamba, na chumba hicho kilikuja pamoja na jembe: kazi ikiisha, na chumba kimekwisha.

Sifa ya mji huu kwa miaka mingi ilikuwa ni kahawa. Kituo cha utafiti wa kahawa kilianzishwa karibu na mji katika miaka ya 1940, na hapo ndipo mabingwa walipokuza aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, yenye nguvu ya kushindana na ugonjwa wa matunda ya kahawa na ule wa kutu ya majani. Wakulima wengi wa Afrika Mashariki walilijua jina la Ruiru kwa sababu ya mbuni huo kabla hawajajua kuwa kuna mji.

Baada ya Uhuru wa 1963 baadhi ya mashamba yalinunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika, ambavyo wanachama wao walichanga fedha kidogo kidogo, kisha ardhi ikakatwa na kugawanywa. Halafu bei ya kahawa ikaanguka mwaka 1989, yalipovunjika mapatano ya mataifa ya kugawana soko la kahawa. Kenya, iliyovuna karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, ilishuka hata ikawa inavuna chini ya tani 50,000 kwa mwaka katika miaka ya 2010. Mwenye ekari mbili za mibuni karibu na jiji akaanza kupiga hesabu mpya: je, ekari hizi zaweza kuzaa nini zaidi ya kahawa?

Jibu lilikuja na barabara. Barabara ya Nairobi hadi Thika ilianza kupanuliwa mwaka 2009, ikafunguliwa rasmi Novemba 2012 na Rais Mwai Kibaki, ikiwa na njia nane katika sehemu kubwa ya mwendo wake. Barabara ya Mchepuko wa Mashariki nayo ikaja kuungana nayo hapo hapo Ruiru. Tangu hapo matofali yakashinda mibuni. Sensa ya 2009 iliwahesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Ile ya 2019 iliwahesabu 490,120. Kwa wingi wa watu mji huo ukawa wa nne katika Kenya, ukitanguliwa na Nairobi, Mombasa na Nakuru tu. Hata hivyo mtu akifika sokoni na penye stesheni ya zamani aona bado ni mji mdogo, wenye barabara chache ambazo aweza kuzimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa.

Maneno haya ya zamani hayakuelezwa kwa kupamba habari. Ndiyo yanayomfahamisha mpangaji kwa nini nyumba moja ina njia nzuri, na nyingine iliyo hatua 300 tu kutoka hapo haifikiki wakati wa masika. Mashamba yalikatwa na watu mbalimbali kwa nyakati mbalimbali. Pengine waliogawa ploti waliacha barabara pana. Pengine waliacha vichochoro ambamo magari mawili hayawezi kupishana. Nyumba zilijengwa kwanza, na mitaro, maji na taa za njiani vikaachwa vije nyuma. Kwa hiyo mtu apangaye nyumba Ruiru hapangi kuta nne na bati tu. Apanga pia udongo, njia, maji, na tabia ya mwenye nyumba.

UDONGO, MAJI NA NJIA

Ruiru umekaa mahali ambapo udongo wa namna mbili hukutana. Upande wa magharibi, kuelekea vilima vya Kiambu, ni udongo mwekundu wa kahawa. Upande wa mashariki na kusini, kuelekea mbuga za Athi, ni udongo mweusi unaonata. Udongo huo mweusi hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Nyumba iliyojengwa juu yake bila kuchimbiwa msingi hata penye mwamba au ardhi ngumu huanza kuonyesha nyufa, na njia yake huwa bwawa la matope. Watu wa huko wana desturi ya kutembea na mabuti ya mpira hata kituo cha matatu, na kuyaacha kwenye kibanda cha rafiki mpaka jioni.

Kwa hiyo siku njema ya kutafuta nyumba ni siku ya pili baada ya mvua kubwa. Jua likiwaka nyumba zote hupendeza, lakini mvua haina upendeleo. Huonyesha paa livujalo, ukuta unyonyao maji, na njia ambayo bodaboda huikataa. Tena humwonyesha mtu penye mkondo wa maji. Mafuriko ya masika ya mwaka 2024, yaliyowafukuza watu makwao katika sehemu nyingi za Kenya, yaliwakumbusha wote kwamba mto hausahau njia yake ya zamani hata ukijengewa. Nyumba iliyo ukingoni mwa mto Ruiru au vijito vyake, ijapokuwa kodi yake ni ndogo, yataka kuogopwa.

Habari ya maji nayo ni ya ajabu kidogo. Bwawa la Ruiru, lililojengwa juu ya mto huo huo, hupeleka maji yake Nairobi. Lakini katika mitaa mingi ya mji wenyewe maji ya mfereji huja kwa zamu, na wenye nyumba wengi wamechimba visima virefu vya mtambo. Maji ya kisima ni neema, ila katika ardhi ya Nairobi na jirani zake mara nyingi huwa na madini ya floraidi, ambayo yakizidi huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia isiyotoka. Mwenye watoto wadogo na aulize kama maji ya kisima yamepimwa, na kama sivyo ajue kuwa itambidi kutafuta maji mengine ya kunywa.

Ni nani aulizwe? Si ajenti, wala si mlinzi wa ploti ambaye watu humwita keateka, kwa maana hao wawili hula kwa nyumba kupata mtu. Aulizwe mama auzaye mboga langoni. Mgeni anunue sukuma wiki ya shilingi chache, amsalimu kwa heshima, kisha amwulize: “Mama, maji huja siku ngapi kwa juma katika ploti hii?” Mara nyingi mama huyo atajibu bila kuficha, tena ataongeza ambayo hakuulizwa: kwamba waliohama mwezi uliopita walihama kwa sababu gani, kwamba stima hupotea usiku wa mvua, na kwamba kuna baa nyuma ya ukuta ambayo hailali. Kuuliza si ujinga, na mboga hizo zitapikwa.

KARANI NA NYUMBA TATU

Uchukuliwe mfano wa karani mmoja afanyaye kazi Nairobi siku 24 kwa mwezi, mwenye mke na watoto wawili. Hesabu zifuatazo ni za mfano tu, lakini kila msomaji aweza kutia bei za mtaa wake mahali pake.

Karani huyo aonyeshwa nyumba tatu. Ya kwanza iko karibu na barabara kuu, na kodi yake ni shilingi 11,000 kwa mwezi. Ya pili iko ndani sana, mpya, ina rangi nzuri na vigae sakafuni, na kodi yake ni shilingi 8,000. Ya tatu ni ya zamani kidogo, mwendo wa dakika 15 kwa miguu kutoka kituoni, na kodi yake ni shilingi 10,000.

Mtu mwenye haraka atakimbilia ile ya pili, akisema, “Nimeokoa shilingi 3,000.” Lakini karani mwenye kalamu hukaa chini akaandika. Kutoka nyumba ile hata kituoni ni bodaboda ya shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, yaani 100 kwa siku. Kwa siku 24 ni shilingi 2,400. Maji hayafiki huko ila kwa mkokoteni. Mitungi mitatu kwa siku kwa shilingi 20 kila mmoja ni shilingi 60, na kwa siku 30 ni 1,800. Basi kodi ya shilingi 8,000 imekwisha kuwa 12,200, na bado mvua haijanyesha bodaboda wakapandisha nauli.

Nyumba ya kwanza, pamoja na shilingi 500 za maji, yawa 11,500. Ni karibu na gari, lakini karani akirudi kuitazama saa tatu ya usiku akuta ngoma za baa na honi za malori, na mtoto wake mkubwa yuko karibu na mtihani. Nyumba ya tatu, pamoja na maji, yawa 10,500. Haina vigae, na rangi yake imefifia. Lakini ina tangi, njia yake ni ya udongo mwekundu uliomwagiwa changarawe, na wapangaji wawili wamekaa humo zaidi ya miaka mitano. Hilo la mwisho lazidi rangi na vigae, kwa maana mpangaji hakai miaka mitano mahali panapomwudhi. Wazee walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyumba ambayo kila siku ina kibao kipya langoni ina neno lake.

Si lazima kila mtu achague kama karani huyu. Kijana asiye na mtoto, afanyaye kazi ya zamu ya usiku, aweza kuona bedsita ya karibu na barabara ni bora kuliko zote. Msichana afikaye nyumbani gizani atatazama kwanza taa za njiani na lango lenye mlinzi. La maana ni kwamba kodi iliyoandikwa kwenye kibao si gharama ya nyumba. Gharama ya nyumba ni kodi pamoja na nauli, maji, stima, na usingizi.

AMANA, RISITI NA MKATABA

Karani akiisha kuchagua, kazi nyingine yaanza. Desturi ya Ruiru, kama ya miji mingine ya Kenya, ni kwamba mpangaji alipe kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwezi mmoja, ambayo wengi huiita dipoziti. Wengine huongeza amana ya maji na stima. Kwa nyumba ya shilingi 10,000, mathalani, ni 20,000, na 2,500 za maji na stima, na 3,000 za pikapu ya kuchukua vyombo. Jumla ni shilingi 25,500 kabla sufuria haijawekwa jikoni. Fedha hizo ni jasho, na ndizo zitamaniwazo na wadanganyifu.

Udanganyifu wenyewe ni wa namna chache, na ukijulikana hauna nguvu. Wako wajiitao maajenti watakao ada ya kuonyesha nyumba, wakampeleka mtu penye nyumba iliyokwisha kupangwa, wakamwambia amekosa kwa dakika tano tu. Wako wengine waonyeshao picha nzuri katika simu na kutaka amana itumwe upesi kwa M-Pesa, kwa kuwa “kuna mtu mwingine yuko njiani.” Wako hata wapokeao amana ya chumba kimoja kutoka kwa watu watatu. Sheria ya Maajenti wa Nyumba na Ardhi ya mwaka 1984 yataka kila afanyaye kazi hiyo awe ameandikishwa na bodi yake. Basi si kosa la adabu kumwuliza ajenti hati yake. Na mtu asitoe hata shilingi moja ya amana kabla hajaingia ndani ya chumba chenyewe, akafungua mfereji, akawasha taa, na kuonana na mwenye nyumba au wakili wake ofisini.

Mtu akitoa fedha, apewe risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ujumbe wa simu waonyesha kuwa fedha zimetumwa. Hauonyeshi kuwa zilikuwa amana, wala kwamba zitarudishwa. Risiti iandikwe neno hilo wazi: hii ni kodi ya mwezi fulani, hii ni amana ya kurudishwa. Tena siku ya kuingia, mpangaji na keateka wazunguke pamoja na kuandika kila kioo kilichovunjika, kila kitasa kibovu na kila doa la ukutani, wote wawili watie sahihi. Ugomvi mwingi wa kurudisha amana hutokana na msumari ambao hakuna ajuaye nani aliupigilia.

Kuna jambo la sheria ambalo wapangaji wengi hawalifahamu. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba ya mwaka 1959 iliweka baraza la kuamua mashauri ya wapangaji na wenye nyumba, na humlinda mpangaji asipandishiwe kodi ovyo wala kufukuzwa bila sababu. Lakini kiasi kilichotiwa katika sheria hiyo ni nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiasi hicho kiliwekwa zamani, wakati shilingi ilipokuwa na uzito. Mwenye kupanga nyumba ya shilingi 8,000 au 10,000 yuko nje ya ukuta huo.

Basi ngao ya mtu huyo ni mkataba wake. Hapo yaonekana sababu ya kuusoma wote kabla ya kutia sahihi, hata maandishi yakiwa madogo. Atazame: kodi yaweza kupandishwa mara ngapi, na kwa taarifa ya muda gani? Amana itarudishwa baada ya siku ngapi? Nani atengenezaye bomba likipasuka? Kuhusu kuhama, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kuwa upangaji wa kipindi huvunjwa kwa taarifa isiyopungua kipindi kile. Yaani alipaye kwa mwezi hupewa, naye hutoa, taarifa ya mwezi mmoja. Na deni la kodi likitokea, kazi ya kukamata vyombo ni ya dalali wa mnada mwenye leseni. Si haki ya mwenye nyumba kuja na nyundo kung'oa mlango au kutoa mabati watoto wakiwa ndani.

MWENYE NYUMBA NAYE

Si vizuri kumlaumu mwenye nyumba kana kwamba yeye ndiye adui. Wengi wa wenye ploti katika sehemu za Ruiru si matajiri wa hadithi. Ni wakulima waliong'oa mibuni, walimu waliostaafu, wajane walioachiwa kipande na waume zao, watu waliokopa katika chama cha akiba na mikopo na sasa hulipa kila mwezi, wapangaji wakilipa wasilipe. Mpangaji ahamaye usiku na deni la miezi mitatu humwumiza mtu kama yeye.

Mkulima aliye na ekari yake kando ya mji, naye afikiria kujenga vyumba vya kupangisha, yafaa ajifunze kutokana na makosa yaliyokwisha kuonekana. La kwanza, apate plani iliyokubaliwa na serikali ya kaunti na fundi anayejua udongo wake. Mnamo Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, wakati wa mvua, likaua watu zaidi ya 40. Mwenye kuongeza ghorofa ya tano juu ya msingi wa ghorofa mbili ajenga kaburi. Na penye ufa usipozibwa, ukuta mzima utajengwa upya.

La pili, maji kwanza, rangi baadaye. Ploti yenye tangi kubwa na mtaro mzuri haikai bila watu, hata kama haina vigae. Chumba kikikaa kitupu miezi miwili kwa mwaka, mwenyewe amepoteza sehemu moja katika sita ya pato lake, kuliko ambavyo angepoteza kwa kupunguza kodi kidogo na kumshika mpangaji mwema.

La tatu, aandike hesabu zake. Serikali ya Kenya hutoza kodi ya mapato ya nyumba za kukaa kwa wale ambao pato lao la upangishaji lazidi shilingi 288,000 kwa mwaka, nayo ilikuwa asilimia 10 tangu mwaka 2016, ikapunguzwa kuwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Hutozwa juu ya fedha zote zilizopokewa, bila kutoa gharama. Mwenye vyumba vinane vya shilingi 5,000 hupokea 480,000 kwa mwaka vikijaa. Amekwisha ingia katika hesabu hiyo. Asiyeweka daftari atajikuta analipa kwa kubahatisha, au analipa na faini.

La nne, amana ya mpangaji si fedha zake. Aiweke kando. Mwenye nyumba ambaye huila amana siku ile ile aipokeayo, mwisho wake humwomba mpangaji anayehama angoje mpaka apatikane mwingine wa kulipa. Hapo ndipo jina la ploti linapoharibika, na jina likiharibika hata mama wa mboga langoni atawaambia wageni wapite.

NENO LA MWISHO

Mji wa Ruiru haujamalizika kujengwa. Mashamba mengine ya kahawa bado yamesimama kati ya nyumba, na mengine yamekwisha kupimwa kwa ajili ya miji mipya, kama Tatu City, yenye ekari 5,000. Watu watazidi kuja, kwa kuwa jiji li karibu na barabara ni pana. Karibu wote wataanza kwa kupanga.

Kwa hiyo kila atafutaye nyumba huko na aende kwa miguu yake mwenyewe, mara moja mchana na mara moja usiku, na ikiwezekana baada ya mvua. Asiridhike na rangi. Ahesabu nauli na maji kabla ya kuhesabu kodi. Asome mkataba, ashike risiti, alipe kwa siku yake, na awasalimu majirani wake siku ile ile aingiayo, kwa maana hao ndio watakaompelekea mtoto wake hospitali siku ambayo yeye yuko kazini Nairobi. Na mwenye ploti naye akumbuke kuwa vyumba vyake ni kama mibuni ile iliyotangulia: haizai kwa mwenye kuchuma tu, huzaa kwa mwenye kupalilia.